Kikokotoo: michango ya shangazi itarudi?

Shangazi yangu mwalimu alipokaribia kustaafu mwaka 2024, alinikalisha mezani na daftari lenye salari slipu zake zote tangu 1999, mwaka ambao watumishi wa Serikali Tanzania walianza kuchangia pensheni. Baadhi zimefifia hata wino hauonekani. Swali lake lilikuwa moja: "Mwanangu, hela yangu itarudi?"

Tukakadiria. Miaka 25 ni miezi 300. Mshahara ulianzia chini ukapanda. Wastani wake kwa utumishi wote ni kama Sh500,000. Yeye alikatwa asilimia 5, mwajiri akaongeza 15. Jumla ni Sh milioni 30, na kati ya hizo zilizotoka mfukoni mwake ni milioni 7.5 tu.

Sasa mafao. Kanuni ya kukokotoa pensheni, yaani kikokotoo, inachukua miezi aliyochangia, inagawa kwa 580, kisha inazidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu bora. Kwa mshahara wa milioni moja kwa mwezi, pensheni kamili ya mwaka ni kama milioni 6.2. Asilimia 40 yake inazidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo, yaani mara moja anapostaafu: Sh milioni 31. Inayobaki ni Sh310,000 kila mwezi hadi mwisho wa maisha.

Kwa hesabu hiyo, michango yote imerudi siku ya kwanza. Shangazi alitabasamu. Mimi sikuridhika, kwa sababu shilingi ya 1999 si shilingi ya leo. Elfu kumi aliyokatwa wakati ule ilijaza kapu la sokoni. Kuilinganisha na elfu kumi ya sasa ni kujidanganya.

Na manung'uniko ya watumishi yana msingi. Kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF, mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma ya wakati ule, iligawa kwa 540, ikazidisha kwa 15.5 na kutoa nusu kwa mkupuo. Shangazi angepata takriban milioni 51.7, pungufu kidogo tu kwenye pensheni ya mwezi, kama Sh32,500. Kwa pengo la milioni 20, angehitaji kuishi zaidi ya miaka 50 baada ya kustaafu ili hizo Sh32,500 anazozidi sasa kila mwezi zilifidie. Hapo hakuna ubishi: amepoteza.

Upande wa pili nao ni mzito. Mifuko ilibeba deni la walioajiriwa kabla ya 1999 bila kuchangiwa. Desemba 2021 Serikali ililazimika kutoa hatifungani maalumu (hati ya Serikali ya kuahidi kulipa deni) ya Sh trilioni 2.17 kulipunguza. Mfuko ukikauka, mkupuo mkubwa wa leo analipa mwalimu kijana anayekatwa sasa.

Lakini kelele zote zimekuwa juu ya mkupuo: asilimia 33, kisha 40. Kila shilingi inayohamia kwenye mkupuo inakatwa kwenye mwezi, na mizani inasawazika baada ya miezi 150. Anayestaafu akiwa na miaka 60 akavuka 72 na nusu, hasara ya kuchukua mkupuo mkubwa inaanza kuwa yake. Mama wa shangazi alifika 88.

Mimi ningepigania Sh310,000 ile ipandishwe kila mwaka kufuata bei, na ipandishwe kwa sheria. Dawa za presha anazonunua shangazi hazijali asilimia ya mkupuo aliopewa.