Msituzimie Runinga Nchi Ikiwaka

Kinachonikera hadi leo ni serikali ya Kenya kutuzimia matangazo ya runinga wakati tunayahitaji zaidi. Desemba 30, 2007 tulijazana sebuleni kwa shangazi, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Kivuitu, akiwa KICC Nairobi kutangaza matokeo ya urais, kelele tupu, mara polisi wakaondoa watu ukumbini. Jioni hiyo hiyo tukamwona Rais Kibaki akiapishwa Ikulu, giza likiingia, kisha matangazo ya moja kwa moja yakapigwa marufuku. Nje milio ya risasi, ndani vipindi vya kawaida! Shangazi akawa anabonyeza rimoti chaneli baada ya chaneli, kidole gumba kikitetemeka, kwa sababu mwanawe alikuwa hajarudi kutoka mjini.

Wakarudia Januari 30, 2018, siku ya kiongozi wa upinzani, Raila, kujiapisha kuwa “rais wa wananchi” Uhuru Park: Citizen, NTV na KTN zikazimwa, na hata Mahakama Kuu ilipoamuru ziwashwe, tulikaa gizani siku kadhaa. Juni 25, 2025, siku ya maandamano, tena!

Mzazi mwenye mtoto barabarani anataka kujua wapi pamefungwa na wapi pana vurugu. Mkimnyima picha, atashika uvumi wowote unaomfikia kwenye simu. Tuwashieni tujionee wenyewe.