Kidonda kilichofunikwa hakijatelekezwa

Mgonjwa aliyeungua kidogo mkononi anaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na bandeji safi, na muuguzi anamwambia asiifungue mpaka siku ya tano. Siku ya pili haijaisha, jamaa zake wameshaanza kunung'unika: kidonda gani hicho hakioshwi? Mbona hakipati hewa? Kitakauka lini? Manung'uniko hayohayo husikika hata wodini, kwa wauguzi waliofundishwa kwamba kidonda hufunguliwa kila asubuhi, huoshwa, hupakwa dawa na kufungwa upya. Kwao, siku ikipita bila kidonda kuguswa, mgonjwa hakuhudumiwa. Mimi naona kinyume: vidonda vingi hupona vizuri zaidi vikifunikwa na kubaki na unyevu.

Wanaotaka kidonda kikauke si watu wa kupuuzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940, A. B. Wallace, daktari wa upasuaji wa Edinburgh, alihimiza majeraha ya moto yaachwe wazi mpaka yashike kigaga, na alikuwa na sababu. Bandeji za wakati ule zililowa upesi, na kitambaa kikishalowa mpaka nje, vijidudu vimepata njia ya kuingia. Kuacha wazi kulikuwa bora kuliko kufunika kwa kitambaa kinachonuka. Zaidi ya hapo, ipo ngozi inayodai ukavu mpaka leo. Kidole cha mguu kilichokufa na kukauka kwa kukosa damu hakiloweshwi kabla mishipa haijashughulikiwa, maana ukikilowesha umeyakaribisha maambukizi. Fangasi za katikati ya vidole hustawi penye jasho. Ukurutu unaovuja majimaji hutulizwa kwanza mpaka ukome kuvuja, ndipo mambo ya mafuta yafuate.

Tatizo ni pale kanuni ya hali hizo inapofanywa sheria ya kila kidonda.

Mwaka 1962 mtafiti George Winter alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio alilowafanyia nguruwe. Aliwatia vidonda vya juujuu. Vingine akaviacha wazi vikashika kigaga, vingine akavifunika kwa utando mwembamba wa plastiki. Ngozi mpya ilitanda juu ya vile vilivyofunikwa kwa kasi iliyokaribia mara mbili. Mwaka uliofuata watafiti Hinman na Maibach wakaona mwelekeo huohuo kwa binadamu.

Hiyo "mara mbili" imerudiwa madarasani mpaka imekuwa kama kiapo, kwa hiyo inafaa kuipekua. Kidonda cha maabara kimekatwa kwa kisu safi, ni kifupi kwenda chini, hakina usaha wala nyama iliyokufa, na mwenye kidonda hana kisukari. Mguu wa mzee ambao mishipa yake imeziba ni jambo jingine kabisa. Anayemwahidi mgonjwa wa namna hiyo kwamba atapona kwa nusu ya muda kwa kuwa amefunikwa vizuri anadai kitu ambacho Winter hakukipima. Nimeshasikia ahadi hiyo ikitolewa kwa uhakika wa kutisha.

Lakini ukiondoa ahadi zilizotiwa chumvi, sababu inabaki, nayo kwangu ina uzito kuliko tarakimu yenyewe. Seli za ngozi hutambaa kutoka ukingoni mwa kidonda na kutoka kwenye vitundu vya nywele, na haziwezi kutambaa juu ya kitu kikavu. Kidonda kikiachwa kikauke, sehemu yake ya juu hufa na kugeuka kigaga. Seli zikifika hapo hazina pa kupita isipokuwa chini: zinajipenyeza kati ya kigaga na nyama hai, zikiyeyusha njia kadiri zinavyosonga. Kigaga ambacho wengi hukifurahia kama dalili ya kupona ni kizuizi ambacho mwili unalazimika kukizunguka. Hilo halitegemei kama aliyeumia ni nguruwe au mtu.

Kwa aliyeungua, hasara ya ukavu ni kubwa zaidi. Mwaka 1953 daktari wa upasuaji D. M. Jackson alieleza kwamba jeraha la moto lina kanda tatu: katikati palipokufa kabisa, pembezoni penye wekundu patakapopona, na baina ya hizo ukanda ambao damu yake inasuasua. Ukanda huo wa kati unaweza kuokoka au kufa katika siku chache zijazo, na kukauka ni mojawapo ya mambo yanayouua. Jeraha lililokuwa la kupona bila kovu kubwa linaweza kuzama likahitaji kubandikwa ngozi.

Turudi kwenye kile kinachofanyika kila asubuhi. Gozi kavu, kile kitambaa chepesi chenye matundu, ikiwekwa moja kwa moja juu ya kidonda kibichi hunywa majimaji, kisha hukauka pamoja nayo. Kesho yake nyama mpya, zile punje nyekundu zinazong'aa, zimeota mpaka ndani ya matundu ya kitambaa. Muuguzi anavuta pembe moja kwa kibanio, mgonjwa anakaza meno, na gozi inatoka na vidoti vya damu mbichi. Damu hiyo inatoka kwenye mishipa midogo iliyoota usiku kucha. Kisha kidonda kinaoshwa kwa maji baridi, kinapoa, na seli hupunguza kasi mpaka kipate joto tena. Kazi ya siku nzima imerudishwa nyuma, na katika daftari imeandikwa kama huduma iliyotolewa. Mahali penye nyama iliyokufa, kuvuta gozi kavu kuna maana yake, kwani huondoa uchafu. Ila kitambaa hakichagui, huondoka na nyama nzima pia.

"Na maambukizi je?" Hili ndilo swali zito la upande wa pili, maana joto na unyevu chini ya plastiki vinafanana na mazingira ambayo vijidudu huyapenda. Ni kweli bakteria huongezeka humo. Lakini bakteria kuwapo na kidonda kuambukizwa ni mambo mawili, kwa sababu majimaji hayohayo yamebeba seli za kinga zilizo hai. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Hutchinson na McGuckin mwaka 1990 yalikuta maambukizi katika asilimia 2.6 ya vidonda vilivyofunikwa kwa vifuniko vya kuziba, yaani vinavyohifadhi unyevu, dhidi ya asilimia 7.1 ya vile vya gozi ya kawaida. Tafiti zilizounganishwa hazilingani, kwa hiyo nisingezing'ang'ania desimali. Angalau hofu kwamba kufunika kunaozesha haikupata ushahidi hapo.

Ile krimu nyeupe ya sulfadiazini ya fedha, dawa ya kuua vijidudu inayopakwa kwenye majeraha ya moto, iliyoanza miaka ya 1960, imeufanya mtindo wa kufungua kila siku uonekane wa lazima, kwa kuwa inapaswa kupakwa upya mara moja au mbili kwa siku. Huacha utando wa kijivu unaomfanya muuguzi ashindwe kujua jeraha lina kina gani. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliikuta ikihusishwa na uponaji duni ikilinganishwa na vifuniko kadhaa vya kisasa. Bado inapakwa, kwa mazoea.

Nakubali kwamba vifuniko hivyo ni ghali kipande kwa kipande, na hapo mjadala huishia mara nyingi. Haikupaswa uishie hapo. Unyevu hauhitaji jina la kampuni. Mwaka 1996 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha jaribio la wagonjwa zaidi ya 900 waliofanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi: mafuta mgando matupu yalilinganishwa na marhamu ya antibiotiki, na tofauti ya maambukizi haikuwa ya kutegemewa kitakwimu. Vilikuwa vidonda safi, kweli, lakini vidonda vingi vidogo ni vya aina hiyo. Mafuta hayo, kitambaa kisichoganda kidondani na bandeji juu yake vinatosha.

Pale upande wa pili unapobaki na haki ni kwenye macho ya mtu. Kifuniko cha siku tano kinamhitaji muuguzi anayejua kidonda kipi hakiwezi kungoja: mguu wa mwenye kisukari, jeraha lililoingia udongo, mtoto mwenye homa. Pasipo mtu wa kupambanua hayo, kufungua kila siku ni kinga ya kibubusa, lakini ni kinga. Mgonjwa anayekwenda nyumbani aandikiwe tarehe juu ya bandeji yenyewe, na aambiwe arudi kabla ya siku hiyo ikiwa majimaji yamefika ukingoni, ngozi ya pembeni imeanza kuwa nyeupe na laini, wekundu unasambaa, harufu imebadilika, homa imepanda, au maumivu yaliyokuwa yakipungua yameanza kuongezeka.