Soksi Ilikuwa Safi

Kabla sijasema lolote: soksi ilikuwa safi. Niliianua asubuhi ile ile, ikiwa bado na alama ya kibanio. Kwa hiyo huyo rafiki yangu anayewaambia watu nilianguka na baiskeli nikiwa nimejifunga "soksi chafu" kichwani, aiombe radhi soksi kwanza. Mimi nitasubiri zamu yangu.

Simu yangu haijatulia tangu jana. Nusu ya jumbe ni picha za bata. Mmoja kaniuliza, kama soksi ni ya kichwani, kiatu navaa wapi. Basi acheni niwape habari yenyewe kutoka kwa mwenye kichwa, maana iliyowafikia imetiwa chumvi hadi hailiki. Naandika kwa mkono mmoja, bega bado linauma, kwa hiyo herufi zikipishana mnivumilie.

Mnajua kwamba mhubiri wa helmeti kwenye kundi letu ni mimi. Mtu akija kichwa wazi namsimamisha. Ni mimi niliyewachosha na habari za Andrei Kivilev, yule mwendesha baiskeli wa kulipwa aliyeanguka bila helmeti kwenye mashindano ya Paris–Nice mwaka 2003 akafa, na mwaka huo huo UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, wakaifanya helmeti kuwa lazima mashindanoni. Nimeisimulia hadi siku hizi mnanimalizia sentensi. Sasa mhubiri mwenyewe ndiye aliyekutwa na ngata kichwani. Chekeni, nipo.

Chanzo ni jina. Tangu darasa la kwanza mimi naitwa Kichwa. Hakuna aliyewahi kunipima, nilihukumiwa tu. Nikakua nikijua kwamba nina kichwa kikubwa, kama mtu anavyojua ana miguu miwili. Kwa hiyo siku nilipoingia dukani kununua helmeti mpya, na dada wa pale akaniangalia mara moja akanipa saizi ya M, nilimwonea huruma. Nikaivaa ili kumridhisha. Baada ya dakika tano paji la uso likaanza kuwaka, na kisogoni nako nikahisi kitu kinanisukuma kama abiria aliyechelewa kushuka. Nikaivua. Nina mstari mwekundu kutoka sikio hadi sikio.

"Unaona, dada? Mimi nimezaliwa L."

Dada yule, Mungu amzidishie subira, akachukua futi ya kushonea. "Kaka, ngoja nikupime. Pengine siyo ukubwa, ni umbo. Hii imekaa duara. Nina nyingine ya M, yenyewe ni ndefu zaidi mbele na nyuma."

Kukataa kupimwa kulitoka wapi, sijui. Nadhani niliogopa futi isitoshe. Nikamwambia alete L tu, tusipotezeane muda.

L ilikaa kichwani kama mkono wa bibi. Haibani paji, haigusi kisogo, haigusi chochote. Dada akaniambia nitingishe kichwa kabla ya kufunga kamba. Nikatingisha kwa haya, kama bibi harusi. Nikasimama. Helmeti yenyewe ikaendelea kidogo.

"Kaka."

"Itazoea," nikasema, nikalipa.

Helmeti haizoei, jamani. Siyo kiatu cha ngozi.

Nyumbani nikajaribu kile kigurudumu cha nyuma cha kukazia. Nikikizungusha ikabana, sawa, lakini inabana pale pale pa mwanzo, pajini na kisogoni, huku pembeni juu ya masikio ukiweza kupitisha vidole. Nikakilegeza. Hapo ndipo macho yangu yalipoiona soksi. Ni ndefu, ya kufika gotini, nene, ina bata wa njano. (Ni zawadi. Nani alinipa hakuwahusu.) Nikaisokota, nikaizungushia ndani ya helmeti kama ngata, nikavaa. Jamani, ilivyokaa! Nikajitazama kwenye kioo, nikajiona nastahili kuwa mkufunzi. Ila soksi ilikula nafasi, ikabidi niilegeze kamba ya kidevuni. Kati ya kamba na kidevu chako kinatakiwa kupita kidole kimoja au viwili. Yangu ilipita ngumi. Najua. Niliyewafundisha habari ya vidole ni mimi.

Juzi tukatoka. Tambarare yote nilikuwa mfalme. Mkasimama kunywa maji, mmoja wenu akanisifia helmeti, nikasema, na mtu asijifanye hakusikia, "Siri ni kuchagua saizi yako."

Sasa tufike mteremkoni, na hapa twende polepole, maana ndipo Msambazaji (yule rafiki wa "soksi chafu"; simtaji, nimempa cheo tu) anapoharibu kila kitu.

Kwanza, sikuwa kasi. Anasema nilipita kama risasi. Nilikuwa mwendo wa mtu mzima, mikono kwenye breki, yeye nyuma yangu. Upepo ukaingia kwenye matundu ya mbele ya helmeti, ukaiinua kama mtu anayefunua sufuria kuchungulia. Ikalala kisogoni. Nikaona mbingu nyingi kuliko kawaida. Nikatoa mkono wa kushoto kwenye usukani, nikairudisha mbele.

Niliirudisha sana.

Ikashuka. Ikapita nyusi, ikapita macho, ikatua juu ya pua na kutulia hapo kama iliyofika kwake. Giza. Si giza lote, kwa sababu helmeti ina matundu, na kwenye tundu moja nikaona kipande cha lami, kama cha ukubwa wa kitambulisho, kinakimbia. Nikajiambia, vizuri, kipande hicho kinatosha, nitaendeshea hicho. Na kweli niliendeshea hicho, kwa muda ambao mimi nauhesabu kuwa nusu saa na Msambazaji anauita sekunde mbili.

Kisha soksi ikafunguka. Kwanza nikahisi kitu laini kinatelemka shavuni, taratibu, kama kinachonibembeleza. Halafu ncha ya soksi ikaanguka mbele ya lile tundu langu la kuonea. Lami ikapotea. Mahali pake nikaona bata. Bata mmoja, wa njano, karibu kabisa na jicho, ananitazama. Nimeona mengi maishani, lakini sijawahi kutazamana na bata kwa namna ile. Nyuma yangu nikasikia Msambazaji anapiga kelele, "Breki! Breki, we Kichwa!" na mimi, badala ya kushika breki, nikampuliza bata. Naapa. Nilimpuliza: fuu. Akaondoka kidogo, nikaona nyasi. Akarudi.

Nyasi zilinipa habari kwamba barabara imeishia upande wa pili. Gurudumu la mbele likazama kwenye udongo laini, baiskeli ikasita, ikafikiri, ikalala. Haikupiga mweleka, ililala, na mimi nikalala nayo, bega kwanza. Ile kamba yangu ya ngumi haikuzuia chochote. Helmeti ikachomoka, ikadunda mara moja kwenye jiwe, kaa!, ikarudi barabarani na kuendelea na safari peke yake. Wenzangu waliokuwa mbele wanasema iliwapita ikibingirika kwa heshima zote, wakapunguza mwendo kunisubiri mimi nitokee nyuma yake.

Helmeti iliondoka. Ngata ilibaki. Hilo ndilo lililo kwenye ile picha ya Msambazaji. Jasho lilikuwa limeigandisha kichwani, duara kamili, mkia wenye bata ukining'inia begani. Na kama hiyo haitoshi, mzee mmoja aliyekuwa anapandisha mlima akikokota baiskeli yake akasimama juu yangu. Nimelala chali, mguu mmoja uko ndani ya fremu, lakini malezi ni malezi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama. Akatazama baiskeli. Akatazama huku na huku kwenye nyasi kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. "Ngata naiona. Mzigo uko wapi?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Msambazaji alikuwa amekaa chini barabarani, hawezi kusimama, nikadhani naye ameumia. Alikuwa anacheka. Simu alikuwa nayo mkononi, hiyo nayo ningeomba ichunguzwe, mtu anawezaje kushindwa kusimama na akaweza kupiga picha tatu zisizotikisika.

Mengine ni mafupi. Bega halikuvunjika, limevimba tu. Helmeti tuliikuta chini kabisa ya mteremko. Kwa nje ina mikwaruzo, kwa ndani lile povu jeupe gumu, kama linalokuja na televisheni mpya kwenye boksi, lina ufa. Imekwisha hiyo. Povu hilo hujitoa mhanga mara moja tu: likishaminywa au kupasuka, halina nguvu ya mara ya pili. Langu limejitoa mhanga kwa jiwe, kichwa kikiwa hakimo.

Jana nikarudi dukani. Dada yule yule. Akaliona bega, hakuuliza, akachukua futi. Akaipitisha vidole viwili juu ya nyusi, juu ya masikio, ikazunguka kisogo.

"Sentimita 57," akasema.

"Pima tena."

"57, kaka. M."

Maisha yangu yote, jamani. Mnaniita Kichwa, na kichwa chenyewe ni M. Kilicho nacho ni urefu: ukikitazama kutoka juu ni mtumbwi. Zile za duara zinanibana kwenye ncha za mtumbwi na kuniacha wazi ubavuni, ndiyo maana nikadhani nahitaji kubwa. Akaniletea ile ambayo siku ile alitaka kunipa. Ikakaa. Nikatingisha kichwa bila kufunga kamba, safari hii kama mtu mwenye mapepo, na ngozi ya paji ikaenda nayo. Akafunga kamba, akazipanga kamba za pembeni zikafanya V na kukutana chini kidogo ya masikio, akaniambia nipige mwayo. Nilipopanua mdomo helmeti ikavutwa chini kichwani. Akatikisa kichwa kukubali. Hakusema "nilikuambia." Nililipa haraka kabla hajabadili mawazo.

Kwa hiyo helmeti ninayo na bega litapona. Ila kwenye kamba yangu ya nguo kuna soksi moja ya bata imening'inia peke yake, pacha wake yuko kwa Msambazaji, ambaye anasema hairudishi kwa sababu ni ushahidi. Naitaka kabla ya Jumapili. Na uifue, maana sasa ndiyo imekuwa chafu.