Gitaa la Njomba na Kanga ya Mke Wangu

Kwetu Wamakonde, ukimharibia kitu baba yako mtagombana yataisha. Ukimharibia mjomba, unaitiwa kikao. Mimi nilimharibia mjomba gitaa.

Ilikuwa Novemba, msimu wa korosho, naye kapanda Newala kufuatilia hela zake za mnada. Gitaa akaniachia mimi hapa Chuno, Mtwara mjini. "Njomba," maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo, "piga utakavyo, ila usilitie alama." Gitaa lenyewe la zamani, mgongo wake rangi ya asali, unaweza kujitazama humo ukanyoa ndevu. Siku ya tatu nikakuta bizimu la mkanda wangu limeacha mikwaruzo mitatu mgongoni, midogo, kama imeparwa na mtoto wa paka.

Mwenye akili angenyamaza. Mimi nikakumbuka video niliyoitazama kwenye simu, jamaa anafuta mikwaruzo ya gitaa kwa kitambaa na thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Alikuwa akieleza kitu kirefu sana, lakini mtoto alikuwa amelala, sauti nilikuwa nimeizima. Nikaenda gereji, nikapimiwa thina kwenye chupa ya soda.

Nikafuta. Jamani, mikwaruzo ikapotea! Mgongo ukang'aa kuliko alivyouacha mwenyewe. Kumbe unang'aa kwa kuwa unayeyuka. Magitaa mengi ya zamani yamepakwa laka ya nitroselulosi, aina ya vanishi, na laka hiyo hukauka kwa thina kuruka hewani tu. Ukiirudishia thina, hata miaka ikiwa imepita mingi, inalainika upya. Lingekuwa limepakwa poliyurethani, vanishi ya aina nyingine, kama mengi ya siku hizi, thina ile isingelibabaisha.

Bado najipongeza, mvua ikashuka, ile yetu isiyobisha hodi. Nikavuta kitambaa cha kwanza kilichokuwa mkekani, nikalizungushia gitaa, nikakimbia nalo ndani na kulilaza chali kitandani. Kitambaa chenyewe kanga mpya ya mke wangu, haijaingia maji hata mara moja.

Asubuhi kanga haitoki. Kila nikivuta inalia kra, kra, kama plasta kwenye mguu wenye vinyweleo. Ilipokubali, mgongo wa gitaa ulikuwa na alama za nyuzi kama mkeka, pembeni umeingia weupe kama umemwagiwa tui, na katikati, kwa wino mwekundu, maandishi yamegeuka kinyume. Kioo sikukihitaji. Kanga niliinunua mimi, jina lake nalijua: MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaiona kanga. Akaacha kucheka.

Nikalibeba hadi kwa fundi rangi wa magari. Alinisikiliza kwa huruma, kama daktari anayemsikiliza mtu aliyejing'oa jino kwa koleo. Weupe ule, akasema, ni unyevu: laka ikikauka wakati hewa imejaa maji, maji yanajifungia ndani yake. Na hapa baharini, Novemba, hewa ni ya kunywa kwa kijiko. Mikwaruzo yangu ilitaka tone la laka kwa ncha ya njiti, tone juu ya tone mpaka ijae na kuzidi kidogo, halafu isubiri siku kadhaa ikauke kabisa. Ndipo upite na msasa wa maji, namba 1000 kisha 2000, umalizie kwa dawa ya kung'arishia. Mwanzo kabisa ungejaribu thina mahali pasipoonekana, uone kama inalainika.

"Na wewe ulijaribia wapi?"

Nikamwambia, mgongo mzima.

Weupe aliuondoa, siku jua lilipokubali. Nyuzi akazipunguza kwa msasa. Maandishi akayagomea: wino umezama, akiufuata atafika kwenye mbao.

Mjomba aliporudi sikusema neno. Aliligeuza, akalitazama, akatoka nalo hadi kwenye bodaboda iliyokuwa nje, akausogeza mgongo wa gitaa kwenye saitimira. Akasoma polepole, midomo ikicheza. Mimi nilikuwa tayari nahesabu wazee wa kikao.

"Njomba," akasema, "hii kanga wanauza wapi?"

Sasa anapiga kwenye kwaya kama kawaida. Ila mwenyekiti akianza kumsema mbele za watu kwa kuchelewa mazoezi, mjomba hajibu. Analigeuza gitaa tu. Maandishi yako kinyume, lakini pale hakuna asiyeyajua.

Kanga nyingine nimeshanunua. Jina safari hii alichagua mke wangu mwenyewe, na siruhusiwi kuigusa.