Aproni Nyeupe na Ngazi ya Madaraja: Nini Hufundishwa katika Umasoni?

Neno Frimasoni likitajwa, mazungumzo hukimbilia utajiri wa ghafla, kafara na majina ya watu mashuhuri. Mazungumzo hayo yamenichosha. Si kwamba chama hiki hakistahili kukosolewa. Kinastahili, na nitafika huko. Ila uvumi hautuachi tukitazame kilivyo. Ibada za madaraja yake matatu ya msingi si siri tena tangu mwaka 1730, Samuel Prichard alipozianika hadharani huko London, na baada yake zimechapishwa mara nyingi. Ukizisoma utashangaa jinsi mafundisho yenyewe yalivyo ya kawaida: sema kweli, fanya kazi, msaidie mwenye shida, kumbuka kwamba utakufa. Ni yale yale uliyoambiwa ukiwa mtoto.

Basi najiuliza: maadili ambayo kila mzazi huyafundisha bure yanahitaji kitambaa machoni, kiapo, aproni na nishani za nini?

Wenyewe wana jibu, na si jibu la kudharau. Waingereza wanaueleza umasoni kuwa ni mfumo wa maadili uliofunikwa kwa mafumbo na kufafanuliwa kwa alama. Wanachosema ni kwamba wosia wa mdomo huingia sikio hili na kutokea lile, lakini jambo ulilolipitia kwa mwili wako hukaa. Chukua daraja la kwanza, la mwanagenzi. Kabla ya kuingia lojini, yaani kwenye ukumbi wa tawi lao, anayejiunga huacha nje pesa na kila kitu cha madini alichonacho. Upande wa kushoto wa kifua uko wazi, goti la kushoto liko wazi, mguu mmoja una ndara, macho yamefungwa, shingoni kuna kitanzi. Baadaye katika ibada hiyo huombwa achangie chochote kwa ajili ya maskini. Hana hata senti, na kila aliyemo anajua hana. Huambiwa basi: siku utakapokutana na ndugu aliyeishiwa, ikumbuke dakika hii.

Ningekuwa mwalimu wa maadili, mbinu hiyo ningeiiba.

Kisha huvikwa aproni ya ngozi nyeupe ya mwanakondoo, isiyo na pambo lolote. Maneno yanayosemwa wakati huo hudai kwamba ina heshima kuliko nishani ya Garter, ile ambayo wafalme wa Uingereza wamekuwa wakiwatunuku wakuu wao tangu karne ya 14. Yaani nguo ya kazi ya mchonga mawe, ya kukinga vumbi, imewekwa juu ya nishani ya mfalme! Katika ibada ya Kiingereza mwanagenzi hupewa na sharti: asiivae kama lojini yumo ndugu aliye na kinyongo naye. Amwite kando wapatane. Wakishindwa, ni heri waende zao kuliko kuingia na ugomvi wao. Sharti hilo nalipenda kuliko hotuba nyingi za upendo nilizowahi kusikia, kwa sababu linakupa jambo la kufanya kabla hujafunga kamba kiunoni.

Zana nazo zina somo lake. Rula ya inchi 24 ni saa 24 za siku. Katika loji za Marekani hugawanywa mafungu matatu ya saa nane, moja la Mungu na mwenye shida, moja la kazi, moja la kula na kulala. Nyundo hubandua vinundu vya jiwe lisilochongwa, na jiwe hilo ni wewe. Daraja la pili huleta skwea ya kupimia pembe, pimamaji ya kupimia usawa na timazi ya kupimia wima: unyofu wa mwenendo, usawa wa binadamu, na kusimama wima bila kuegemea upande. Huko pia elimu husifiwa, kwa mfano wa ngazi inayozunguka. Daraja hilo ni jepesi kidogo, na huwa halina mvuto kama yale mawili linalokaa katikati yake.

La tatu ndilo zito. Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 7, kinamtaja Hiramu, mfua shaba, mwana wa mjane wa kabila la Naftali, aliyefanya kazi katika hekalu la Sulemani. Biblia haisemi popote kwamba aliuawa. Hekaya ya Wamasoni ndiyo inayosema: mafundi watatu walimtaka awape siri za fundi mkuu kabla hawajazistahili, akakataa, wakampiga hadi kufa. Anayepandishwa daraja ndiye anayekuwa Hiramu. Hulazwa kama maiti, kukiwa na alama za fuvu la kichwa, jeneza na kijitawi cha mgunga, kisha huinuliwa kwa mkono. Somo ni kutunza amana hata kwa kufa, na kuishi ukijua siku yako ipo.

Hadi hapo, mimi niko upande wa watetezi. Tatizo langu linaanza na nyuzi na nakshi.

Tazama ile aproni. Kwa loji za Kiingereza, mwanagenzi anayo nyeupe tupu. Daraja la pili linaongeza maua mawili ya utepe wa buluu. La tatu linaongeza ua jingine, ukingo wa buluu ya angani na vishada vya fedha. Anayepata wadhifa katika Loji Kuu, chombo kinachosimamia loji zote, huvaa buluu iliyokoza yenye nakshi za dhahabu, na buluu hiyo, kwa jina lake rasmi, ni buluu ya Garter. Aproni iliyotangazwa kuwa bora kuliko Garter imekwenda kuazima rangi ya Garter! Sijui kama kuna Mmasoni aliyewahi kulicheka jambo hilo hadharani, lakini linachekesha.

Na huo ni mwanzo tu. Makubaliano ya mwaka 1813 yaliyounganisha loji kuu mbili zilizokuwa zikishindana Uingereza yalisema umasoni halisi ni madaraja matatu basi, lile la Tao la Kifalme likihesabiwa humo humo. Kwingine ngazi iliendelea kurefuka. Mwaka 1801 likaundwa Baraza Kuu la Riti ya Kiskoti, mfumo wa madaraja ya nyongeza, na halikuundwa Uskoti bali Charleston, Marekani. Riti hiyo ina madaraja 33. Ukifika la 18 unakutana na waridi, msalaba na ndege mwari anayewalisha makinda kwa damu ya kifua chake. (Kwa Kiswahili mwari ni ndege huyo, na pia ni mtu anayefundwa. Lugha yetu imewapa Wamasoni alama ambayo hata wao hawakuifikiria.) Ukifika la 32 unapata tai mwenye vichwa viwili. La 33 haliombwi, hutunukiwa, na katika tawi la kusini la Marekani kofia yake ni nyeupe wakati ya 32 ni nyeusi.

Watetezi husema kila vazi ni ukurasa: msalaba mwekundu hukumbusha sadaka, tai hukumbusha jambo jingine, na mtu hawezi kumaliza kitabu kwa kusoma sura tatu. Ningewaelewa kama kitabu kingekuwa kinasomwa. Lakini Marekani zipo shughuli za siku moja au wikiendi moja ambamo mtu huvushwa madaraja mengi, mengine akiyatazama tu yakiigizwa jukwaani. Hapo somo la mwili limekwisha, limebaki vazi. Nishani inayomfikia mtu kabla ya somo lake ni kilemba cha ukoka, hata iwe imefumwa kwa dhahabu halisi.

Wapinzani wengine hawajali mavazi, wanajali kiapo. Aliyefungwa macho huapa kutunza mambo ambayo hajayajua, na kuuziwa mbuzi kwenye gunia hakugeuki kuwa halali kwa sababu mbuzi ametokea kuwa mzima. Wamasoni hujibu kwamba kabla ya kuapa mtu huhakikishiwa kwamba hakuna kitu kinachopingana na wajibu wake kwa Mungu, kwa familia au kwa nchi. Kuhusu zile adhabu za kutisha zilizokuwa zikitajwa ndani ya kiapo, walisema siku zote kwamba ni mafumbo. Mwaka 1986 Loji Kuu ya Uingereza iliamua ziondolewe kwenye viapo. Uamuzi mzuri, ingawa unaacha swali: kama zilikuwa mafumbo yasiyomdhuru mtu, mbona ziliondolewa? Nadhani waliona kwamba maneno ya kuchinjana, hata yakiwa ya mfano, hayakai vizuri kinywani mwa mtu anayefundishwa upendo.

Kanisa Katoliki limepinga tangu Papa Clement XII mwaka 1738, likarudia mwaka 1983 na tena 2023. Siri na kiapo ni sehemu ya lalamiko, lakini kiini ni imani: je, alama zinazofundisha njia ya kuwa mtu mwema, zikimwita Mungu kwa jina la Msanifu Mkuu ili kila dini iweze kuitikia, hazigeuki kuwa dini juu ya dini? Nalihesabu kuwa pingamizi zito kuliko yote, na halina uhusiano na hadithi za kuabudu shetani, ambazo Mfaransa Léo Taxil alizieneza kwa miaka mingi kisha akakiri mbele ya watu, Paris, mwaka 1897, kwamba alizibuni. Anayeamini wokovu hauchongwi kwa nyundo na patasi ana haki ya kukaa mbali. Anayeona skwea ni skwea tu hatasumbuka.

Lakini kipimo kinachoniuma zaidi ni pimamaji. Mwaka 1775 Prince Hall (Prince ni jina lake, si cheo) na wenzake 14, wote watu weusi, waliingizwa katika umasoni na loji ya kijeshi ya Waingereza huko Boston. Loji za wazungu hazikuwataka, wakapata hati yao ya kuanzisha loji kutoka Uingereza mwaka 1784. Kwa takribani miaka 200, watu waliofundishwa daraja la pili, waliokabidhiwa chombo cha usawa na kuelezwa maana yake, walikataa kuwatambua warithi wa Prince Hall. Loji Kuu ya jimbo la Connecticut ilifungua njia mwaka 1989. Majimbo machache ya kusini yaliendelea kusita hata karne hii. Wanawake nao kwa kawaida walifungiwa mlango. Maria Deraismes, mwandishi Mfaransa, aliingizwa Ufaransa mwaka 1882, na mwaka 1893 akashiriki kuanzisha chama cha wanaume na wanawake pamoja. Loji kuu nyingi hazikitambui mpaka leo.

Mtetezi atasema kosa ni la watu, si la chombo. Kweli, lakini wanaosema alama huingia mwilini kuliko maneno ndio hao hao. Vizazi kadhaa viliishika pimamaji mkononi na haikuwaingia.

Huko huko Marekani, katika loji nyingi, Mmasoni akifa ndugu zake huweka aproni juu ya jeneza. Huwa ni ile ya ngozi nyeupe aliyovikwa siku ya kwanza.