Betri nyepesi na asubuhi ya barafu

Mwaka 2010 Porsche ilianza kuuza betri ya lithiamu kwa wanunuzi wa gari lake la michezo, 911 GT3, waliotaka kulipia nyongeza. Haikufika kilo 6, pungufu ya kilo 10 hivi ukilinganisha na betri ya kawaida ya risasi. Ila mnunuzi alikabidhiwa na ile ya risasi, aifunge baridi ikianza. Betri hiyo ya pili ndiyo ninayotaka watu waifikirie kabla hawajatoa pesa.

Wanaotetea wepesi wana haki yao. Kilo 10 zinaondoka kwa kufungua boliti chache, bila kugusa injini, na mara nyingi zinatoka pua ya gari, mahali ambapo uzito unasumbua zaidi kwenye kona. Lithiamu pia haipotezi chaji haraka gari likiegeshwa. Lakini kwenye gari la kilo 1,400 unaloendea kazini, upungufu huo haufiki asilimia moja. Hutauhisi.

Baridi ndiyo inayoamua. Oili inakuwa nzito wakati uleule betri inapolegea. Ndiyo maana namba ya CCA ina maana: ni ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, volti zisishuke chini ya 7.2. Nawasihi msiichanganye na Ah (ampea-saa, yaani akiba ya umeme ndani ya betri), hasa kwenye betri ya lithiamu ambayo Ah zake zimeandikwa "sawa na betri ya risasi". Betri kama hiyo inaweza kuwasha injini vizuri, lakini akiba yake ni ndogo; ukisahau taa, imekwisha.

Lithiamu iliyopoa ukiipa kazi, starta inaguna mara moja na kunyamaza. Haijafa. Washa taa kubwa dakika moja au mbili, umeme unaotoka uzipashe seli joto kwa ndani, kisha jaribu tena: starta itazunguka kwa kasi zaidi.

Hatari kubwa inakuja injini ikishawaka. Oltaneta inaanza kuchaji seli zilizo chini ya sifuri, na madini ya lithiamu yanaganda juu ya elektrodi. Uharibifu huo haurudi nyuma. Betri nzuri ina saketi ya kuzuia hilo. Nyingi za bei rahisi hazina. Risasi nayo si malaika: ikiishiwa chaji, maji yake huganda na kasha kupasuka.

Kwa gari linalolala nje kwenye barafu, mimi nachagua AGM ndogo, ambayo asidi yake imenyonywa na nyuzi za kioo. Inaokoa kilo kadhaa na inakubali chaji kwenye baridi. Lithiamu naiachia gari la siku za mashindano, ambalo mwenyewe yuko tayari kufungua betri na kuilaza ndani ya nyumba. Huyo naye apime oltaneta yake kwanza, isizidi volti 14.6, na asitumie chaja ya risasi yenye hatua ya kufufua betri, kwa sababu hiyo hupanda hadi 15 na zaidi.