Gesi ikifika Kampala, hasara ya uvujaji ibebwe na nani?

Mtaani kwetu vijana waliokuwa wakichimba mtaro wa nyaya za intaneti walipasua bomba la maji. Siku tatu nzima maji yalimwagika barabarani. Watoto walijaza madumu, waendesha boda wakaosha pikipiki zao, mama muuza matooke akahamisha meza yake mara mbili kukwepa tope. Hakuna mpita njia aliyehitaji kuambiwa kwamba bomba limepasuka. Nilisimama pale nikajiuliza: hili lingekuwa bomba la gesi, nani angejua?

Swali hilo si la kufikirika tu. Novemba 2023 Uganda na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kufanya upembuzi yakinifu wa bomba la kuleta gesi asilia ya Tanzania hapa kwetu. Dar es Salaam tayari ina viwanda na nyumba zinazotumia gesi ya bomba. Kwetu mjadala umegawanya watu pande mbili: wanaoitaka gesi haraka, na wanaodai kwanza iwepo sheria kali ya kupima na kuziba uvujaji. Wa pili wanaitwa watu wa mazingira wanaotumiwa kutuchelewesha. Nadhani hawajasikilizwa vizuri.

Wa kwanza nao wana hoja nzito, na sitaki kuipunguza. Nyumba nyingi za nchi hii bado zinapikia kuni na mkaa. Moshi unaingia vifuani mwa mama na watoto, na miti ya kaskazini ilikatwa kwa kasi mpaka Mei 2023 Rais akatoa agizo la kuzuia uchomaji wa mkaa wa biashara kule. Tanuri la mkaa la kienyeji lenyewe hutoa methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia na huongeza joto la dunia, kwa hiyo mwenye sigiri yake naye hayuko nje ya tatizo. Tena Afrika imechangia kidogo sana katika joto hili linaloisumbua dunia. Kumwambia mtu wa Bwaise, mtaa wa wanyonge hapa Kampala, angoje mpaka kila kiungo cha bomba kikaguliwe, huku yeye akivuta moshi kila jioni, kunaweza kuonekana ni ukatili.

Halafu kuna hoja ya kifundi, ambayo ndiyo kali kuliko zote. Miji inayosifika kwa kuvujisha gesi, kama Boston kule Marekani, ina mabomba ya chuma cha kalibu yaliyofukiwa zamani mno. Sisi tutaanza na mabomba mapya ya plastiki, ambayo huvuja kidogo sana. Kwa nini tujitwishe gharama za ugonjwa wa wazee wakati mtoto hajazaliwa?

Nijibu kwa kurudi kwenye ule mtaro. Bomba la plastiki halioti kutu, lakini halimshindi chuma cha mchimbaji. Katika miji mingi ajali za uchimbaji ni chanzo kikubwa cha kupasuka kwa mabomba ya gesi, na Kampala ni mji usioacha kuchimbwa: leo faiba, kesho maji, keshokutwa barabara. Gesi huvuja pia kwenye viungo, kwenye mita, na kwenye vituo vya kupunguza msukumo. Shirika letu la maji hupoteza karibu theluthi ya maji linayosafisha, sehemu kwa wizi na sehemu kwa kuvuja, na hayo ni maji, kitu tunachokiona kwa macho. Methani haina rangi wala harufu. Harufu ile ya yai viza huongezwa makusudi ili watu washtuke, lakini gesi ikipita kwenye udongo harufu inaweza kupungua njiani. Na katika mji wenye mtaro wa majitaka unaonuka kama ule wa Nakivubo, nani atasema kwa hakika kwamba harufu aliyoisikia ni ya bomba?

Kuna takwimu moja ya Boston ambayo haiachi kunisumbua. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kuzunguka mitaa ya mji huo wakiwa na kipimo ndani ya gari, na waligundua uvujaji 3,356. Miaka mitatu baadaye utafiti mwingine ukachukua sehemu 100 zinazovuja katika eneo hilo na kupima kila moja inatoa kiasi gani. Saba kati ya hizo 100 zilitoa nusu ya gesi yote.

Mara ya kwanza niliposoma hivyo nilifurahi. Ziba saba, umeshamaliza nusu ya kazi. Huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote dhidi ya wanaosema kudhibiti uvujaji ni anasa ya matajiri: huhitaji kufukua mji mzima. Lakini mara ya pili niliposoma, nikaona upande wake mgumu. Huwezi kuzijua hizo saba bila kuzipima zote mia. Bomba linalonuka sana si lazima ndilo linalotoa gesi nyingi. Na kwa muda mrefu kule Massachusetts uvujaji ulipangwa kwa madaraja kufuatana na hatari ya mlipuko tu. Ule usiokaribia kulipuka uliandikwa daftarini ukaachwa, mwaka hadi mwaka, hata kama ulikuwa unamwaga gesi usiku na mchana na kuua miti ya kando ya barabara kwa kuinyima mizizi yake hewa. Ilibidi sheria ya mwaka 2016 ilazimishe makampuni kushughulikia pia uvujaji mkubwa unaodhuru mazingira. Tangu hapo fundi hutoboa vishimo ardhini, anashusha kipimo, anatafuta udongo uliojaa gesi unaishia wapi. Eneo likiwa pana, bomba hilo linapanda juu kwenye orodha. Hiyo ni kazi ambayo fundi wa Kampala anaweza kuijifunza kwa wiki chache.

Kwa nini haraka yote hii? Methani iliyotoroka bila kuungua hunasa joto takriban mara 80 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule, ukihesabu kwa miaka 20. Upotevu ukizidi takriban asilimia 3 tangu kisimani hadi kwa mtumiaji, gesi iliyoletwa ichukue nafasi ya makaa ya mawe kwenye umeme inapoteza sifa yake ya usafi kwa miaka ya mwanzo. Kipimo cha eneo la Boston, kilichochapishwa mwaka 2015, kilionyesha asilimia 2.7 ikipotea huko mjini peke yake, bila kuhesabu visima na bomba kuu.

Sasa, makampuni yale yaliachaje mali yao ivuje hivyo? Jibu linauma: haikuwa hasara yao. Katika sehemu nyingi za Marekani gharama ya gesi inayopotea huingizwa kwenye bei, mteja akalipia gesi isiyofika jikoni kwake. Mwenye bomba hana sababu ya kukimbia.

Na hapa ndipo Uganda ina kitu cha kujivunia, ingawa wachache wanakisema. Kampuni iitwayo Umeme ilipochukua usambazaji wa umeme mwaka 2005, karibu asilimia 38 ya nguvu ilikuwa ikipotea. Mdhibiti wa umeme wa serikali alipanga kiwango cha upotevu kinachoruhusiwa kuingizwa kwenye bei, na kila kilichozidi hapo kilikuwa mzigo wa kampuni, si wa mteja. Mkataba ulipoisha Machi 2025 upotevu ulikuwa umeshuka hadi chini ya nusu ya pale ulipoanzia. Ni kweli haikuwa bure: kampuni ilihakikishiwa faida ya asilimia 20 juu ya mtaji iliouweka, na wananchi walilalamikia bei miaka yote hiyo. Lakini kanuni yenyewe ilifanya kazi hapa hapa, kwa mafundi wetu, kwenye nguzo zetu.

Wapinzani watasema umeme una mita kila mahali, gesi ni tofauti. Tofauti ipo, ila hesabu ni ileile: pima kinachoingia mjini, pima kinachouzwa, tofauti ieleze. Mita haitatofautisha wizi na uvujaji, kwa hiyo gari lenye kipimo litazunguka mitaa walau mara moja kwa mwaka, na matokeo yabandikwe hadharani mtaa kwa mtaa. Gharama ipo, na kwa mtandao mdogo unaoanza itaonekana kubwa kwa kila mteja. Hilo nalikubali. Lakini kifungu cha upotevu ni rahisi kukiweka kabla mkataba haujasainiwa, na karibu hakiwezekani baada ya mwekezaji kushika kalamu yake na kuondoka. Upembuzi yakinifu ndio wakati wake, na mtaro wa intaneti pale mtaani bado haujafukiwa.